Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: Jalada la mama yetu Mwalimu liko wapi?

Kwa Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu ya Wilaya,
pamoja na Waheshimiwa Madiwani,
Mkoa wa Dodoma.

YAH: MADAI YA MAREHEMU MAMA YETU, MWALIMU MSTAAFU WA SHULE YA MSINGI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, na ni msimamizi wa mirathi yake kwa uteuzi wa Mahakama ya Mwanzo. Naandika kwa niaba ya wadogo zangu na ya wajukuu ambao mama aliwalea kama watoto wake wa kuzaa. Barua hii ilistahili kukufikia kimya kimya ndani ya bahasha, kama zilivyokufikia zile zilizotangulia. Nakala zake ninazo, zimegongwa mhuri wa kupokelewa na masjala yako. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Nimekaa kwenye benchi la dawati la malalamiko, nimekaa kwa Afisa Utumishi, nimekaa Idara ya Elimu Msingi, na kila ofisi ilinielekeza kwa ofisi ya jirani. Kwa hiyo sasa nasema mbele ya watu.

Jina la marehemu, la shule zake na la halmashauri siyaandiki hapa. Yote yamo katika barua zilizoko mezani kwako, na sitaki mama yangu awe gumzo. Nataka haki yake ilipwe na warithi wake wajibiwe kwa maandishi.

Lakini kabla ya madai, naomba nikueleze ni nani huyu ambaye ofisi yako inasema hana jalada.

Mama alizaliwa mwaka 1959 kwa wazazi waliolima mtama na uwele na kufuga ng'ombe wachache. Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma, ikaazimia kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani. Watoto walikuwepo, na vijiji vilikwishakusanywa. Walimu ndio hawakuwepo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawapa chaki, ikawaambia wafundishe huku wakijifunza ualimu. Mama aliingia darasani mwaka 1976 akiwa na miaka 17. Asubuhi alifundisha, mchana alikaa yeye mwenyewe mbele ya walimu wazoefu, jioni alifuata vipindi vya redio na kujaza mazoezi ya masomo kwa njia ya posta. Mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote uliitwa kwa kifupi UPE, na wapo waliowakejeli vijana wale kwamba UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Mama alisikia, na iliuma.

Akajibu kwa kusoma. Baada ya kupata cheti cha daraja la IIIC alijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa na watoto watatu na mimba ya mdogo wetu wa mwisho. Alisoma kwa koroboi baada ya sisi kulala. Siku ya mtihani alikaa chumba kimoja na vijana ambao yeye ndiye aliyewafundisha kushika kalamu. Miaka ya baadaye akapitia mafunzo ya ualimu kazini, akapanda hadi daraja la IIIA. Cheti kile alikitandaza mezani tukakitazama wote, kisha akakifunga ndani ya sanduku la bati pamoja na kila karatasi ambayo Serikali ilipata kumwandikia.

Alipenda darasa la kwanza. Walimu wengi wanalikwepa, maana kelele ni nyingi na matunda huvunwa na mwalimu wa darasa la saba, siku matokeo yanapotoka. Mama alipopewa nafasi ya kuhamia madarasa ya juu aliomba abaki chini. Mwaka 2002, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipoanza na ada ikiwa imekwisha kufutwa, darasa lake lilijaa mpaka watoto wakakaa nje ya mlango, wa miaka saba na wa miaka kumi na miwili pamoja, wengine wakiwa wamebeba wadogo zao mgongoni. Aliwagawa makundi mawili, akafundisha asubuhi na mchana. Mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu ulipokuja mwaka 2015 aliupokea kwa furaha, akasema sasa wakubwa wamekubali kwamba mtoto asiyejua kusoma hawezi kufundishwa somo jingine lolote.

Na sasa nifike kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu barua hii yote imesimama juu yake. Mama aliita majina kila asubuhi, yote, hata siku ya mtihani, hata siku ya mvua ambayo watoto waliofika walihesabika kwa vidole. Mtoto akikosekana siku mbili, siku ya tatu alimfuata kwao kwa miguu. Huku kwetu utoro una sababu zinazojulikana. Masika ng'ombe wanataka mchungaji. Kiangazi kisima kiko mbali na msichana ndiye anayetumwa. Mwaka wa njaa mtoto anaona bora akachume mlenda porini kuliko kukaa darasani tumbo likiwa tupu. Mama alikuwa na kanuni yake: hakuna mtoto atakayeandikwa mtoro kabla yeye hajafika nyumbani kwao na kusikia sababu kwa masikio yake. Nimewahi kufuatana naye. Alifika, akasalimia "mbukwa", akapewa kigoda, akaongea kwanza habari za mvua na mifugo mpaka mzee mwenyewe akataja shule.

Ni hivyo hivyo alivyozuia ndoa za wanafunzi. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi, na ni sheria njema. Mama alikuwa akizizuia ndoa hizo tangu miaka ya themanini bila polisi na bila sheria ile, kwa kukaa kwenye vigoda vya watu usiku na kukataa kuondoka. Hakufaulu kila mara. Wasichana walioozwa akiwa amekwenda kuwaombea aliwakumbuka kwa majina mpaka uzeeni.

Kwetu alikuwa mama aliyefika nyumbani na vumbi la chaki kwenye nywele, akasaga, akapika, ndipo akasahihisha madaftari. Mdogo wangu alipofariki aliacha watoto wawili, na mama, akiwa amekaribia kustaafu, akaanza ulezi upya. Wajukuu wale walijua kusoma kabla ya kuvaa sare. Jumapili baada ya ibada kila mmoja alimsomea bibi ukurasa mmoja kwa sauti, na aliyekosea alirudia bila kufokewa. Mtoto wa jicho alipomfunika, zamu ikageuka: wakawa wao wanaomsomea. Na walichomsomea zaidi, Ndugu Mkurugenzi, ni barua za madai yake. Mtoto wa darasa la tano alikuwa akimsomea bibi yake nakala ya barua iliyokwenda kwako, na bibi akimwuliza kama kuna jibu.

Baada ya maelezo hayo, naweka madai yetu.

1. Jalada la mtumishi. Mama alistaafu kwa lazima mwaka 2019 akiwa na miaka 60, baada ya utumishi wa miaka 43. Alipokuja kufuatilia madai yake akaambiwa jalada lake halionekani masjala. Akaambiwa arudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao, kisha alete nakala za barua zake zote. Akazileta, kutoka ajira ya kwanza hadi barua ya kustaafu. Akaambiwa nakala hazitoshi mpaka zilinganishwe na zile zilizomo kwenye jalada. Naomba usome tena sentensi hiyo. Mtumishi alitakiwa athibitishe karatasi zake kwa jalada ambalo ofisi ndiyo iliyolipoteza.

Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 imemkabidhi mkuu wa taasisi jukumu la kutunza kumbukumbu za taasisi yake. Jukumu hilo halikuwa la mwalimu wa darasa la kwanza kijijini. Yeye alikuwa na jukumu la daftari la mahudhurio, akalitimiza. Hakumwandika mtoto hata mmoja kuwa haonekani kabla ya kumtafuta. Ofisi yako ilimwandika yeye hivyo, na hatujaoneshwa karatasi yoyote inayothibitisha kwamba alitafutwa.

2. Daraja ambalo halikuingia kwenye mshahara. Hili ndilo kubwa kwa fedha na kwa madhara. Mapema mwaka 2016 mama alipewa barua ya kupanda kutoka daraja la mshahara E kwenda F. Kabla mshahara haujabadilishwa, katikati ya mwaka huo Serikali ikasimamisha upandishaji wa madaraja nchini kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Ukafuata uhakiki wa vyeti, ambao taarifa yake ilikabidhiwa kwa Rais Magufuli hapa hapa Dodoma Aprili 2017 ikiwa na watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Mama aliunga mkono kazi ile. Alisema mtu aliyesoma kwa koroboi hawezi kumhurumia aliyenunua cheti. Vyeti vyake vikahakikiwa, vikaonekana halali.

Zuio lilipoondolewa, wenzake waliokuwa na barua za tarehe ileile walibadilishiwa mshahara mmoja mmoja. Yeye hakubadilishiwa. Mwaka 2018 aliuliza, akaambiwa avumilie bajeti. Mwaka 2019 akastaafu na mshahara wa daraja E.

Pengine mtu akiona ni tofauti ya daraja moja tu ataona ni jambo dogo. Si dogo, kwa sababu mshahara wa mwishoni mwa utumishi ndio msingi wa kukokotoa mkupuo, yaani malipo ya mara moja ya kustaafu, na pensheni ya kila mwezi. Kosa lililofanyika kwenye mshahara lilihamia kwenye mkupuo, likahamia kwenye pensheni, likarudiwa kila mwezi mpaka anakufa. Mfuko wa pensheni siulaumu. Ulipiga hesabu kwa taarifa ulizoletewa na mwajiri. Kwa pensheni ile iliyopunguka mama aliwasomesha wajukuu wawili yatima. Mkubwa alipokosa fedha za kuanza chuo, bibi yake aliuza mbuzi aliokuwa amebaki nao. Upasuaji wa jicho uliahirishwa mpaka "malimbikizo yatoke". Hayakutoka. Amekufa haoni upande mmoja.

3. Gharama za kusafirisha mizigo. Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinamtaka mwajiri amsafirishe mstaafu na mizigo yake hadi nyumbani kwake. Mama aliishi nyumba ya shule, nyumba ambayo bati zake mbili za nyuma alizinunua yeye. Alisubiri fedha hizo kama barua yake ya kustaafu ilivyomwahidi. Mwalimu mpya akapangwa, naye alihitaji pa kulala, hana kosa. Mama akaambiwa aondoke. Tulichanga tukakodi trekta la jirani, tukambeba na kitanda, na magunia, na sanduku lake la bati, safari ya kutwa nzima kwenye barabara ya vumbi. Stakabadhi tuliiwasilisha. Fedha hazijarudishwa hadi leo.

4. Nauli za likizo. Zipo za miaka kadhaa ambazo aliidhinishiwa na hakulipwa. Mchanganuo umeambatishwa kwenye barua zetu, sitauchosha umma nao.

5. Namna alivyopokelewa. Hili halina thamani ya fedha na sitalidai kwa fedha, ila silinyamazii. Mama alisimama kwenye korido ya ofisi yako akiwa mzee wa kushika fimbo, akaambiwa na kijana aliyekaa kwenye kiti kwamba "bibi, wewe kwenye mfumo haupo." Mwalimu aliyetumikia nchi hii tangu kabla kijana yule hajazaliwa aliambiwa hayupo. Hakujibu kitu. Alimshukuru, akatoka, akaniomba tukapumzike chini ya mti kabla ya kurudi kituo cha basi. Najua si watumishi wako wote walio hivyo. Mama mmoja wa masjala alimletea mama yangu kiti na maji kila alipofika, na Mungu ambariki.

Ndugu Mkurugenzi, majibu ya ofisi yako nimeshayasikia kwa mdomo, kwa hiyo nayajibu hapa mapema ili tusipoteze muda.

Nimeambiwa jalada lilipotea wilaya zilipogawanywa. Ni kweli mkoa wetu umegawanywa mara kadhaa: Kongwa ilitoka Mpwapwa, Bahi na Chamwino zikatoka Dodoma Vijijini, Chemba ikatoka Kondoa, na makabati yalihama pamoja na watu. Lakini migawanyo hiyo yote ilikwisha kabla ya mwaka 2017, na mwaka 2017 vyeti vya mama vilihakikiwa. Vilihakikiwa kwa kutazama nini, kama jalada lilikwishapotea?

Tena kuna jambo ambalo silielewi mpaka leo. Mama alipofariki mwaka jana, ofisi yako ilituma mwakilishi msibani. Tulishukuru, na tunashukuru bado. Alisimama chini ya turubai mbele ya kwaya, wazee wa kijiji na wanafunzi wa mama wa kila umri, akasoma salamu za rambirambi nzuri sana. Salamu zile zilitaja mwaka wa ajira ya kwanza ya mama na shule zote tatu alizofundisha, kwa mpangilio sahihi. Wasifu ulioandikwa na familia ulisomwa baada yake, nao ulitaja shule mbili tu, kwa sababu ile ya katikati alikaa muda mfupi na sisi tulikwisha kuisahau. Aliyeandika salamu zile aliisoma wapi? Kama taarifa za mama zinapatikana ofisini kwako kwa ajili ya hotuba ya msiba, zinapatikana pia kwa ajili ya malipo.

Nimeambiwa bajeti haitoshi. Nafahamu malimbikizo ya mishahara huhakikiwa kwenu, kisha hupelekwa ngazi za juu kuidhinishwa, na kwamba si wewe unayechapa fedha. Ndiyo maana sikuombi uchape. Nakuomba uhakiki na upeleke. Madai yasiyopelekwa hayawezi kukosa bajeti, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona. Dawa ya deni ni kulipa, na hatua ya kwanza ya kulipa ni kukiri kwa maandishi kwamba unadaiwa.

Nimeambiwa maofisa waliokuwepo wakati ule wamehama. Watu huhama, ofisi haihami. Mama alihamishwa shule mara mbili katika utumishi wake, na kila alipoondoka alimkabidhi mwenzake madaftari yaliyojazwa mpaka siku ya mwisho. Kwa nini tutegemee pungufu ya hapo kutoka makao makuu ya wilaya?

Na nimeambiwa, kwa sauti ya chini na ya huruma, kwamba kwa kuwa mdai amefariki, basi labda tuliache. Hapana. Malipo ya utumishi ambayo mtu alikwisha kuyastahili akiwa hai ni sehemu ya mirathi yake. Mahakama iliniteua niyakusanye, na nina wajibu wa kurudisha hesabu mahakamani. Nikiacha, nitakuwa nimewanyima yatima wawili kilicho chao.

Sasa maombi yetu.

Tunaomba ofisi yako ikiri kwa maandishi kwamba jalada halijapatikana, ifungue jalada la muda, na ilijenge upya kwa nakala tulizonazo, kwa kumbukumbu za Tume ya Utumishi wa Walimu ngazi ya wilaya, kwa madaftari ya shule tatu alizofundisha, na kwa taarifa zilizomo kwenye mfumo wa mishahara, kwa maana hati zake za mshahara hazikujiandika zenyewe. Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu kipo hapa hapa Dodoma. Sioni barua yoyote inayoonesha kwamba kimeulizwa.

Tunaomba madai ya daraja yahakikiwe na kuwasilishwa ndani ya mwaka huu wa fedha, na mfuko wa pensheni uandikiwe rasmi mshahara sahihi aliostahili kustaafu nao, ili tofauti ya mkupuo na ya pensheni ya miaka aliyoishi ikokotolewe na kulipwa kwa mirathi.

Fedha za mizigo na za likizo ni kidogo, na ziko ndani ya uwezo wa halmashauri yenyewe. Tunaomba zilipwe bila kusubiri hayo mengine.

Waheshimiwa Madiwani, ombi hili ni lenu. Mama hakuwa peke yake. Kwenye benchi lile la korido nimekutana na walimu wastaafu wengine, wenzake wa kizazi cha UPE, wenye fimbo, wenye kisukari, wanaotoka vijiji ambavyo basi hupita mara moja kwa siku. Wapo walioambiwa maneno yaleyale aliyoambiwa mama. Hao wako hai na wanaweza kulipwa wakiwa hai. Tunaomba Baraza liagize orodha ya wastaafu wote ambao majalada yao hayaonekani, iwekwe wazi kwenye kila ofisi ya kata, na maofisa wawafuate huko huko katani badala ya wazee kupanda magari kuja kusikia kwamba mhusika yuko kikaoni. Serikali yote imehamia Dodoma. Wizara ziko Mtumba, mwendo mfupi kutoka tunapolima. Haiwezekani mwalimu wa mkoa huu awe ndiye aliye mbali zaidi na Serikali.

Mwakilishi wako msibani aliahidi kwamba darasa moja litapewa jina la mama. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Familia haikatai heshima hiyo. Tunaomba tu isitangulie malipo. Hatutakubali kibao kiwekwe ukutani wakati ofisi bado inaandika kwamba mwenye jina hilo hana kumbukumbu za utumishi.

Tunasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 30 tangu barua hii itoke. Lisipokuja, nitapeleka suala hili kwa Katibu Tawala wa Mkoa na kwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, nikiambatisha kila nakala yenye mhuri wenu. Ningependa sana tusifike huko. Ukiniita ofisini, nitakuja na mdogo wangu, tukiwa na barua halisi zote kuanzia ya mwaka 1976, nanyi mtazilinganisha na chochote mlicho nacho, mbele yetu, mpaka tufike mwisho wa orodha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Binti wa kwanza na msimamizi wa mirathi ya marehemu,
kwa niaba ya watoto na wajukuu.

Nakala:
Katibu Tawala wa Mkoa, Dodoma.
Katibu, Tume ya Utumishi wa Walimu, ngazi ya wilaya.
Chama cha Walimu Tanzania, ofisi ya wilaya.
Diwani wa kata yetu.
Mwalimu Mkuu wa shule aliyostaafia, kwa taarifa na kwa ajili ya kutunza madaftari ya mahudhurio ya zamani yasitupwe.